Mikono Ikiwa Ndani

Kompyuta yangu iliganda Jumapili asubuhi katikati ya kadi ya harusi, bibi harusi akiwa ameshapata kichwa na bwana harusi bado hana. Nikasubiri. Kiduara kikazunguka, kikazunguka tena. Nikaipiga. Sisemi niliigonga, niliipiga kofi la mkono mzima, kikombe cha chai kikaruka na kumwagika mezani. Mama alikuwa kwenye mlango wa jiko anachambua maharage, na hakuinua hata uso. Katika nyumba yetu ya Masuguru chombo kinachogoma hupigwa. Redio ilipigwa, televisheni ilipigwa, na sisi wenye mbavu tulipigwa kabla ya hivyo vyote.

Baba ana mkono mmoja, wa kulia. Wa kushoto unaishia chini kidogo ya kiwiko, kimebaki kigutu kigumu chenye ngozi iliyojikunja mwishoni. Mgeni angedhani mtu wa mkono mmoja hupiga nusu ya wengine. Baba alitumia mkono mzima kukushika usikimbie, na kigutu ndicho alichopigia, maana hakina vidole vya kuumia. Mama anatafunia upande mmoja wa mdomo kwa sababu ya kigutu hicho. Taya lake lilivunjika nikiwa darasa la pili, kosa lilikuwa chumvi kuzidi kwenye mboga. Mimi nilitolewa jino la mbele, nikajifariji kuwa lilikuwa la utoto na jingine litaota. Liliota, limekaa upande.

Akishamaliza kupiga, baba alikuwa na neno lake moja. Alikaa chini anahema, anatutazama kama vile sisi ndio tuliomchosha, halafu anasema: "Si wewe niliyekupiga. Nimempiga yule Mzigua." Tulikua tukimchukia huyo Mzigua kuliko shetani, kwa sababu vipigo vyote vilikuwa vyake na sisi tulikuwa tunampokelea tu.

Sasa baba amezeeka na hapigi tena. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa. Panga lake lilikuwa nyuma ya mlango wa sebule, analinoa kila wiki kwenye jiwe la ngazi, na kiapo chake kila mtu mtaani alikijua: siku yule Mzigua akikanyaga baraza hii, mmoja wao atatoka amebebwa. Hakikuwa kiapo cha maneno. Babu alipofariki, nilimwona kwa macho yangu baba akimfukuza yule mtu makaburini kule Magoma, mbele ya waombolezaji, na panga likampata begani. Damu iliingia kwenye mchanga wa kaburi la babu. Wazee walimkamata baba wakamkalia. Kwa hiyo tulijua kuwa safari nyingine hakutakuwa na wazee wa kumkalia.

Turudi kwenye kompyuta, maana ndiyo iliyoleta yote. Kazi yangu ni kutengeneza kadi za harusi na ratiba za mazishi, nina kibanda karibu na stendi ya Korogwe. Laptop yangu ni mtumba imara, lakini RAM yake ilikuwa ndogo. RAM ni ile kumbukumbu ambayo mashine inaitumia wakati inafanya kazi, si ile ya kuhifadhia picha. Ikiwa ndogo, mashine inakuwa kama mpishi mwenye jiko moja: wali ukiwa motoni, mboga inasubiri, na wageni wanakutukana wewe. Mafundi wa pale stendi nilikuwa nimeshagombana nao wote. Wa mwisho nilimkunja shati kifuani aliponiambia, "Dada, mashine hii ilishastaafu, wewe tu hujaiaga." Nikaona afadhali niifungue mwenyewe. Nikaagiza kipande cha RAM Tanga, kikaja na basi ndani ya bahasha iliyofungwa gundi kama vile ina dhahabu.

Jumapili ile, baada ya kuipiga kofi, nilipangusa chai, nikaleta bisibisi ndogo na kile kipande, nikaigeuza laptop kifudifudi kwenye meza ya barazani. Nilishika kwanza nondo za dirisha, maana nilisoma kuwa mwili una umeme wake mdogo ambao hauonekani na unaweza kuua kipande kama hicho kwa kukigusa tu. Baba alikuwa kwenye kiti chake cha kamba. Alikuwa ametoka hospitali siku chache nyuma, presha ilimwangusha sokoni na habari ikatembea mpaka Handeni kabla hata hajainuliwa.

"Unafungua mashine?" aliuliza.

"Naongeza RAM, baba."

"Umezima?"

"Nimezima, na waya nimechomoa."

"Na betri?"

Nilivuta vibanio viwili, betri ikatoka. Ni betri ndefu, ya zile zinazochomoka nzima. Nikaiweka mezani.

"Usiiweke!" Sauti yake ilinirudisha utotoni, nikajikuta nimeinua mkono kukinga uso. "Umeme wa mashine haukai mezani. Lete hapa."

Nikampa. Akaibana kwapani, upande wa kigutu, akatulia kama mlinzi getini. Nami nikafungua skrubu za kifuniko huku nikijua kinachofuata ni hadithi, maana baba hawezi kuona mashine ikifunguliwa asirudi kwenye korona.

Korona ni mashine ya kupigia mkonge. Wakati ule dunia nzima inaogopa ugonjwa wenye jina hilo, baba alisema yeye alishaugua zamani na asingeambukizwa tena. Jani la mkonge linaingia, ndani kuna pipa kubwa linalozunguka lenye visu butu, visu vinalipiga mpaka nyama yote inatoka na kubaki nyuzi. Baba alikuwa fundi wa korona kwenye shamba moja la mkonge ambalo leo ni pori. Babu aliletwa kutoka Unyamwezi kama manamba wa kukata mkonge, mwanawe akapanda cheo mpaka kwenye mashine, na familia ilijivuna.

Majani yakikwama, fundi anaingiza mikono kuyatoa. Sheria yao ilikuwa moja, wala haikuandikwa popote. Fyuzi inatolewa kwenye ubao wa umeme, fyuzi ya kigae, nene kama gunzi la hindi, na anayeingia mashine anaitia mfukoni mwake mwenyewe. Asipoweza, anamkabidhi mtu mmoja, na mtu huyo anasimama hapo hapo na kuinyanyua juu ya kichwa watu wote waione. Anayeingia anapaza sauti: "Mikono ndani!" Kila mtu anaganda alipo, hata aliyekuwa anakohoa. Hakuna anayesogea mpaka isikike: "Mikono nje!" Sisi watoto tulicheza mchezo huo uani kwa kutumia gunzi. Aliyesogea alipigwa.

Siku yenyewe mfuko wa shati la baba ulikuwa umechanika, akampa fyuzi mtani wake. Huyo ndiye Mzigua.

Sisi Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wapagazi wa kubeba mizigo kwenda pwani, na pale shambani utani ulishika kuliko sehemu yoyote. Mtani anakutukana mbele ya wakwe, anachukua kuku wako na kumla, anaingia kaburini kwenye msiba wenu na kulala humo mpaka apewe chochote, na wewe huruhusiwi kukasirika. Kukasirikia mtani ni aibu kubwa kuliko alichokufanyia. Na akisema lolote, hata akiapa, watu wanacheka, kwa sababu ndiyo kazi yake. Yule Mzigua alikuwa bingwa. Kila baba alipomkabidhi fyuzi, yeye aliinyanyua juu akacheza nayo: "Leo nawasha, mpagazi wangu! Nawasha, namrithi mkeo!" Shamba zima lilikuwa likivunjika mbavu.

Siku ile alisema hivyo hivyo, watu wakacheka hivyo hivyo, na korona ikawaka.

Baba hasimulii maumivu. Anasimulia sauti, jinsi mashine ilivyobadilisha sauti ilipofika kwenye mfupa, na kwamba nyuzi zilizotoka upande wa pili zilikuwa nyekundu. Mtani ndiye aliyemvuta, ndiye aliyechana pindo la shati lake mwenyewe na kumfunga, ndiye aliyembeba kifuani na kukimbia naye mpaka zahanati. Na hapo baba husema, kila safari bila kukosa: "Mkono nilikuwa siusikii. Nilichokisikia ni kopo lake la ugoro mfukoni, linanichoma shavu njia nzima. Mtu ameniua, halafu ananichoma na kopo."

Kilichobaki cha mkono alikizika mtani, maana mtani ndiye anayezika. Wazee wa shamba walikaa, wakasema ni utani uliopita kiasi, na mtani hashtakiwi. Akatakiwa atoe kuku mweupe. Akatoa. Baba alirudi kutoka hospitali akakuta mkono wake umeshalipwa kwa kuku na kesi imefungwa, na yeye haruhusiwi hata kununa. Hasira ile aliileta nyumbani. Sikuwa nimezaliwa, lakini ilinisubiri.

Nakiri kuwa hadithi hiyo ilinipunguzia makini. Ndani ya laptop, pembeni ya kipande cha zamani, kulikuwa na nafasi moja tupu. RAM ina meno ya rangi ya dhahabu na pengo dogo katikati yake, pengo lile lazima liangukie kwenye kijino cha nafasi. Unakiingiza kimelala upande, halafu unakikandamiza chini mpaka vishikizo viwili vya pembeni vikibane. Nilikandamiza kiuoga. Nikaona kimekaa, nikachukua betri kwapani kwa baba, nikarudisha, nikawasha. Kioo kikabaki cheusi. Mashine ikalia mlio wa kukata, ikanyamaza, ikalia tena. Nikainyanyulia mkono.

"Piga," baba alisema huku anacheka. "Mimi nimepiga miaka yote, sikumbuki kilichopona."

Hilo lilikuwa neno la kwanza la namna hiyo kulisikia kutoka kwake, na sikujua nilipokee vipi. Mama aliacha kuchambua maharage kidogo, halafu akaendelea. Nikashusha mkono. Nikatoa betri tena, nikampa baba, akaibana kwapani. Nikaingiza vidole ndani, nikakichomoa kile kipande, nikakiweka upya kimelala upande, nikawa natafuta pengo lake kwa kukisogeza taratibu.

"Hodi wenyewe! Nimesikia mpagazi wangu kaanguka sokoni. Nimekuja na kamba ya kupimia kaburi!"

Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Mzee mrefu, mwembamba, bega moja limeshuka kuliko jingine, alikuwa amesimama penye ua na kamba mpya ya katani mkononi. Pikipiki iliyomleta kutoka stendi ilikuwa inageuza. Suruali yake ilikuwa na vumbi jekundu la Kwaluguru, huko Handeni alikokuwa amejichimbia kulima tangu atoke shambani.

Baba alisimama. Betri ikaanguka sakafuni. Akaingia ndani.

"Mzee, shikamoo, ondoka," nilisema kwa haraka. "Tafadhali ondoka. Amefuata panga."

"Marahaba, mwanangu. Najua alichofuata." Akapanda ngazi, akakanyaga baraza, akainama akaokota betri yangu. "Hiki nacho ni nini?"

"Ni umeme wa hii mashine. Mzee, nakuomba kwa jina la Mungu!"

"Mtani wangu hafi kabla sijamtukana," alisema. "Na mimi ni mgonjwa kuliko yeye. Nikingoja nitakuta kaburi, au yeye atakuta la kwangu."

Mama alisimama mlangoni na ungo mkononi. Nami sikuinuka. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu ni kwamba niliogopa. Vidole vyangu vilibaki ndani ya laptop, vimeshika kile kipande kikiwa nusu ndani nusu nje.

Baba alitoka na panga mkono wa kulia. Hakuanza nalo. Alianza na kigutu, lile pigo nililolijua, kutoka chini kwenda juu, likampata yule mzee mdomoni. Mfupa ulilia. Mtani alianguka juu ya meza, damu yake ikanyunyiza kifuniko cha laptop na mkono wangu, na jino likadondoka na kubiringika hadi kwenye mguu wa kiti. Baba akampiga teke la ubavu. Akampiga la pili. Yule mzee akashika ukingo wa meza, akainuka, mdomo umejaa damu, na betri bado ameikumbatia.

"Mpagazi," alisema, na akacheka, akacheka kweli, meno mekundu. "Ule mkono niliouzika ulikuwa mwepesi kuliko hiki kigutu. Nilizika wa bure!"

Nikaona panga likipanda. Makali yalikuwa mbele. Baba alikuwa amelishika kama anavyolishika akikata shina la mgomba, na yule mzee alikuwa hakimbii, ameinamisha shingo tu. Nilifungua mdomo nipige kelele za kuita majirani, na kilichotoka ni kile cha tangu utotoni.

"Mikono ndani!"

Wakaganda wote wawili. Panga lilisimama hewani. Mtani aliinyanyua betri yangu kwa mikono miwili juu kabisa ya kichwa, macho ameyafumba, na akapiga ukelele wa sauti ambayo haikuwa na utani ndani yake: "Ipo juu! Fyuzi ipo juu! Mnaiona? Ipo juu, ipo juu!" Damu ilikuwa inamdondoka kidevuni hadi kwenye shati na hakuipangusa.

Baba ndiye aliyesema kwanza.

"Na siku ile ilikuwa wapi?"

"Juu," mtani alisema bila kufumbua macho. "Kama hivi. Halafu mfukoni, nilipokubeba."

"Mwongo."

"Msimamizi aliunga waya. Matroli ya majani yalikuwa yamepanga foleni nje, akaona korona imenyamaza, akaenda nyuma ya ukuta kwenye ubao akaunga waya mahali pa fyuzi. Hakuuliza nani yuko ndani."

"Kwa nini hukusema?"

Mtani akafumbua macho. "Nilisema. Nilipouzika mkono wako nilisimama kwenye kale kashimo nikaapa kwa Mungu na kwa tumbo la mama yangu. Fyuzi nikaitoa, nikawaonyesha, hii hapa, ninayo mimi, imewakaje mashine? Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Msimamizi alicheka kuliko wote. Nikawa ninalia, nao wanasema, tazameni Mzigua anavyojua kulia. Nikaja kwenye msiba wa baba yako nikwambie wewe peke yako, ukanikata bega."

"Ulitoa kuku."

"Mtani hutoa kuku hata kwa asilolifanya. Wewe hujui hilo?"

Panga lilikuwa limeshuka kidogo, lakini halijashuka lote. Baba alikuwa anatafuta kitu kichwani, nilimwona.

"Kopo," alisema. "Kulikuwa na kopo la ugoro. Lilinichoma hapa." Akagusa shavu kwa kigutu.

"Mnyamwezi," mtani alisema polepole. "Tumekula sahani moja ujana wetu wote. Umewahi kuniona na ugoro?"

Baba alibaki amegusa shavu. Halafu vidole vyake vya kulia vikalegea na panga likaanguka sakafuni kwa kishindo, karibu na jino.

"Mwanangu," mtani aliniambia, mikono bado iko juu, "mikono yako ingali ndani?"

"Ingali."

"Maliza basi. Nachoka."

Nikatazama chini. Pengo lilikuwa limeshakutana na kijino chake, sijui saa ngapi. Nikakandamiza, safari hii bila uoga, na vishikizo vikabana, tak, pande zote mbili.

"Mikono nje," nilisema.

Ndipo alipoishusha betri. Hakunipa mimi. Alimpa baba, na baba akaipokea, akaitazama, akaja mezani na kuibana kwenye nafasi yake kwa mkono wake mmoja huku mimi nikiishikilia laptop isiteleze kwa damu. Nikaigeuza, nikawasha. Iliwaka moja kwa moja. Nikaingia kuangalia, nikakuta kumbukumbu zote mbili, ya zamani na mpya, zimehesabiwa. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimetengeneza kitu bila kukipiga, nikageuka nipate wa kumwambia.

Mama alikuwa ameshaweka ungo chini na kuja katikati yetu. Hakumtazama mgeni, alimtazama baba.

"Siku ya chumvi," alisema, "ulinifunga taya kwa kanga wewe mwenyewe. Ukasema si wewe niliyekupiga, nimempiga yule Mzigua."

Baba alitazama panga sakafuni.

"Kila siku ulisema hivyo. Mimi nikasema haya, ana kisa, kuna mtu alimharibia mkono, mimi nampokelea tu. Nimelala na neno hilo miaka yote. Sasa yule Mzigua hana kosa." Alikuwa anaongea taratibu, kwa ule upande mmoja wa mdomo. "Ulikuwa unampiga nani?"

Yule mtani, bingwa wa maneno wa shamba zima, akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, nisamehe."

"Na wewe," mama alimgeukia. "Ulisema, ukachekwa, ukaenda Kwaluguru kulima mahindi yako. Wewe ulichekwa. Mimi nilibaki naye."

Akainama akaokota panga. Sote watatu tulirudi nyuma, hata mimi mwanawe, na sijasahau jinsi alivyotuona tukirudi nyuma. Alilipangusa kwenye kanga, akaingia nalo ndani. Baada ya muda alitoka na maji ya moto, akamsafisha mgeni mdomo, kwa sababu mgeni ni mgeni. Akapakua chakula, sahani ya mgeni, sahani yangu, na sahani yake. Ya baba hakupakua. Alikaa akala nasi, akatafuna kwa upande wake, mpaka akamaliza. Baba alikuwa kwenye kiti chake cha kamba anatazama mkono wake wa kulia, ule mzima.

Mtani aliondoka jioni akiwa na miguu yake mwenyewe, akaacha ile kamba ya katani barazani. Baba humpigia simu siku hizi, wanatukanana vizuri, watu wanaopita wanacheka. Kompyuta inakwenda kasi, bibi harusi na bwana harusi wanapata vichwa kwa wakati mmoja, na michirizi midogo ya damu kwenye kifuniko cha chini nimeshindwa kuitoa. Panga halikai tena nyuma ya mlango wa sebule. Liko chini ya kitanda cha mama, yeye ndiye anayelinoa, na baba analala sebuleni.